Shahidi wa Tawa na Fungu la Kamari

Wakamba na sisi watu wa pwani tu majirani wa zamani. Kabla ya reli, misafara yao iliteremka Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi bara na nguo na shanga. Basi nilipoalikwa mwezi uliopita kwenye arusi huko Tawa, katika vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, sikujiona nakwenda ugenini. Nilikwenda kwa arusi, nimerudi na waraka.

Waraka wenyewe ni karatasi moja iliyopigwa chapa pande zote mbili. Niliukuta umebandikwa ukutani mwa mkahawa, na vijana wa bodaboda wamesimama mbele yake kama watu wasomao matokeo ya mtihani. Nilidhani ni tangazo la kazi. Kumbe ni uchambuzi wa michezo, unaotolewa kila Ijumaa na kijana mmoja wa hapo hapo, kwa Kiswahili, bei shilingi kumi. Walio mbali huletewa katika simu.

Nikausoma. Upande wa kwanza palikuwa na mechi ya vijiji viwili. Mwandishi amehesabu mashuti na kona, kisha ameeleza sababu ya timu iliyoshambulia zaidi kufungwa: mabeki wake wawili walipanda pamoja, nyuma hapakuwa na mtu. Upande wa pili aliuliza kwa nini mbio za marathoni huandikwa kana kwamba zilizaliwa Bonde la Ufa peke yake. Akamtaja Benson Masya wa Kitui, bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa mwaka 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos, aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Na Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Kisha akauliza ni nini kilichokatika Ukambani baada ya hao. Hakujitia kujua. Aliahidi kupita shule kwa shule kuhesabu walimu wanaofundisha riadha.

Jambo moja, msomaji, halikuwamo: utabiri. Siku hizi ukurasa wa michezo usio na tarakimu za kamari ni kama samaki asiye na ndimu, watu huuliza kulikoni. Nikataka kuonana na mwenye waraka.

Akaja, kijana mwenye haya. "Shikamoo, mzee," akasema, nikamwitikia, tukaagiza chai. Akanionyesha nyaraka za zamani. Mmoja ulikuwa wa Agosti 2025, Kenya ilipoifunga Morocco bao 1-0 pale Kasarani katika mashindano ya CHAN. Sisi wengine tulishangilia tu. Yeye alichora namna timu yetu ilivyojipanga baada ya kubaki na wachezaji kumi. Na tulipotolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, hakumtukana mtu. Alichora tena.

Halafu akanipa habari yake. Wakala wa kampuni ya kamari alimjia. Kwa kila msomaji atakayejisajili kupitia waraka, kijana atapata fungu lake. Sharti lao ni kuchapisha utabiri wa mechi tano kila wiki.

"Mzee, karatasi na chapa zinanimaliza," akasema. "Wasomaji ni kiasi cha mia mbili. Mke wangu ananiuliza namwandikia nani. Nikikubali mwezi mmoja tu, kodi ya nyumba ninayodaiwa itakwisha. Wewe ungefanyaje?"

Swali lile lilinichoma, kwani mimi nilikwisha kuulizwa na nilijibu vibaya. Mwaka 2016 tulikuwa watu watatu tukitoa waraka kama huo Mombasa. Kampuni moja, jina lake nalistahi, ikanunua ukurasa wa nyuma. Hapana aliyetwambia tuandike uwongo. Waliomba kwanza tarakimu za mechi kubwa ziwekwe juu. Wakaomba na utabiri. Kisha mwenzetu aliyeandika habari ya kijana aliyechezea kamari karo ya mdogo wake akaambiwa asubiri wiki moja, na wiki hiyo haikufika. Nami niliyekaa chuoni miaka, nikafunzwa kuwa kamari imeharamishwa pamoja na mvinyo, nilijiambia: siuzi kamari, nauza karatasi. Mambo yao yalipoharibika waliondoka kwa siku moja. Waraka ukafa, na hapana msomaji hata mmoja aliyeuliza umekwenda wapi. Hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wamekwisha kuacha kutusoma sisi, wakisoma tarakimu.

Yaliyotupata sisi wadogo yaliwapata na wakubwa. Mwaka 2019, katika mzozo wa kodi na leseni baina ya serikali na kampuni za kamari, SportPesa ilisitisha udhamini wake, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta hazina mfadhili. Mti uliotegemea mwamba mmoja huanguka nao.

Wako watakaosema, michezo ni michezo, ya nini maneno mengi? Nawajibu kuwa mchambuzi ni shahidi. Chuoni tulifundishwa kuwa ushahidi haufichwi, na hapana kadhi atakayemsikiliza shahidi aliyelipwa na mmoja wa wanaoshitakiana. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliochezea klabu moja ya ligi yetu kuu kwa kupanga matokeo, mmoja wao kifungo cha maisha. Mechi hupangwa kwa sababu kuna dau juu yake. Basi mwandishi anayekula katika dau hilo ataandikaje habari yake?

Wala kamari si mfadhili peke yake wa kuogopwa. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la kandanda. Februari 2022 FIFA ikatufungia, hatukufunguliwa hadi Novemba, na timu ya taifa ikakosa hata mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Katika siku zile mtu wa Tawa, kama mtu wa Kisauni, alihitaji kuelezwa nani kafanya nini. Mwenye kulishwa na serikali angelisema lake, na mwenye kulishwa na shirikisho lake.

Ni kweli kuwa mambo yameanza kugeuka. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo ikatiwa sahihi sheria mpya mahali pa ile ya 1966. Ni jambo jema. Walakini sheria yaweza kulinyamazisha tangazo, haiwezi kumlipia kijana wa Tawa karatasi. Anayeweza ni msomaji. Yule wa bodaboda aliyesimama ukutani akisoma bure huenda jioni akaweka dau la shilingi hamsini. Waraka wa shilingi kumi anauona ghali!

Nilimsimulia kijana kisa changu chote, nikamwambia akatae. Alinitazama, akasema kwa adabu: "Kwa hivyo mzee wewe ulikula, na mimi ndiye wa kufunga."

Sikuwa na jawabu. Ni rahisi kumhubiria mwenye njaa hali wewe umeshiba. Nikatoa shilingi 520, bei ya nyaraka za mwaka mzima, nikamwambia hii si sadaka, ni bei. Akaandika jina langu katika daftari.

Ijumaa iliyofuata waraka ulinifikia Mombasa kwa simu. Bei imepanda, sasa ni shilingi kumi na tano. Utabiri haumo. Amekwisha kuzuru shule nne, na katika tatu hakumkuta mwalimu wa riadha. Ijumaa ijayo sijui utakuja vipi, na sina haki ya kumlaumu ukija na tarakimu, maadamu sisi wasomaji twapenda ukweli lakini hatupendi kuulipia. Nami namtungia ubeti huu, ambao na mimi mwenyewe wanihusu:

Kalamu ya kukodiwa, haiandiki ya haki,
Ni yale iloambiwa, na mwenye kutoa laki,
Msomaji huchezewa, na kweli haidiriki,
Bora wino wenye dhiki, kuliko wa kununuwa.