Barua za Wamangi

Wapo wenzetu wa pwani wanaozienzi barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, lakini za wamangi wa Kilimanjaro huziita makaratasi ya kodi. Kwani zile za Kilwa hazikuwa za utawala? Mangi aligawa vihamba na kuamua magomvi ya mifereji. Wakoloni wakamtwisha kodi na ukarani. Na Kiswahili, je, kilimshinda? Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, alitoa kitabu kizima kwa lugha hii, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, mwaka 1947! Umangi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, kazi zake zilirithiwa na serikali. Barua tulipaswa kuzirithi sisi waandishi. Atakayezichapa hizo za Moshi, nitamsahihishia kurasa bure.