UKURASA WA BWANA SHAMBA: Plagi moja mbovu yaweza kuozesha nyanya zako



Mwezi huu hatuzungumzi habari ya mbolea wala ya palizi. Tunazungumza habari ya gari. Usishangae. Mkulima wa Tosamaganga halimi nyanya ili zikae shambani. Analima ili zifike sokoni. Mahindi makavu yanaweza kukaa ghalani miezi mingi. Nyanya iliyoiva haisubiri. Ikilala njiani ndani ya tenga, ya chini hukandamizwa na ya juu. Maji huanza kutoka. Asubuhi mnunuzi anatazama tenga, anatikisa kichwa, na bei inashuka.

Mama mmoja mkulima aliniuliza, "Bwana Shamba, mimi si dereva. Hiyo plagi yanihusu nini?"

Nikamjibu, "Mama, nyanya zilizomo garini ni za nani?"

Akacheka. Kisha akasogeza kigoda, akasikiliza. Nawe sogea, tusome pamoja.

GARI GANI LINA PLAGI?

Gari la petroli lina plagi. Gari la dizeli halina plagi za cheche. Ndani ya injini ya dizeli hewa hubanwa sana mpaka inakuwa moto, na dizeli ikiingia humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo lori kubwa la dizeli na trekta la dizeli si somo letu leo.

Zamani vijijini tulikuwa na malori ya petroli pia. Baadhi ya Bedford za wakati ule zilikuwa za petroli. Siku hizi gari dogo la mzigo tunaloliona sana ni kirikuu, yaani Suzuki Carry. Magari hayo hutengenezwa Japani, na huko pia wakulima huyatumia kubebea mazao. Nyingi zina injini ndogo ya silinda 3, kwa hiyo zina plagi 3. Pikapu za petroli nyingi zina silinda 4 na plagi 4.

Kama kikundi chenu hakina gari, bado somo ni lenu. Pampu ya petroli ya kumwagilia ina plagi. Pikipiki ina plagi. Pampu ikigoma wakati wa kiangazi nyanya zimetoa maua, maua hayo yatapukutika kabla fundi hajafika.

KAZI YA PLAGI

Unapokoka moto jikoni, unahitaji kuni, hewa na kiberiti. Injini ni vivyo hivyo. Petroli ndiyo kuni. Hewa inapita kwenye chujio. Plagi ndiyo kiberiti.

Betri ya gari ina volti 12. Umeme huo ni mdogo, hauwezi kuruka na kutoa cheche ndani ya silinda. Kwa hiyo gari lina koili. Koili huukuza umeme huo kuwa zaidi ya volti 10,000. Umeme huo mkali hupita katika waya mnene wa mpira mpaka kwenye plagi. Kwenye ncha ya plagi kuna mwanya mdogo. Umeme huruka mwanya huo. Hapo ndipo cheche inapotokea na petroli inapowaka.

Tufanye hesabu kidogo. Injini ya gari ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 1,500 katika dakika hiyo. Gawanya kwa 60. Utapata mara 25 kila sekunde. Ndiyo maana plagi huchakaa. Ncha zake huliwa kidogo kidogo. Mwanya unakuwa mpana, na umeme unashindwa kuruka.

DALILI ZA UBOVU

Injini yenye plagi mbovu au waya mbovu husema yenyewe. Sikiliza:

Asubuhi ya baridi inakataa kuwaka, au inawaka kwa shida. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 hapa kwetu unaijua.

Ikiwa imesimama, inatetemeka. Mafundi husema, "Gari linamisi."

Ikipanda mlima na mzigo, inakosa nguvu. Gari linaloingia mjini kupitia Ipogolo lazima lipande mlima. Hapo ndipo silinda moja ikilala, mzigo wote unabaki kwa zile nyingine.

Inakunywa petroli kuliko kawaida. Petroli isiyowaka inatoka bure kwenye bomba la moshi. Hiyo ni fedha ya kikundi.

Dalili hizi zinaweza kuletwa na mambo mengine pia, kama kabureta chafu. Lakini plagi na nyaya ni rahisi kukagua. Anza hapo.

VIFAA

Tafuta spana ya plagi yenye mpira ndani, geji ya kupimia mwanya, pampu ya baiskeli, kitambaa kikavu, na kipande cha mpira mwembamba wa bomba chenye urefu wa kiganja. Tafuta pia kalamu na karatasi za kubandika. Usizidharau kalamu na karatasi. Utaona faida yake.

HATUA ZA KAZI

1. Acha injini ipoe kabisa. Kichwa cha injini nyingi ni cha aluminiamu. Ukifungua plagi injini ikiwa ya moto, unaweza kung'oa njia za skrubu. Tena utaungua.

2. Zima gari. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu. Petroli haina msamaha.

3. Fungua mahali pa injini. Kwenye kirikuu nyingi injini iko chini ya viti. Inua kiti.

4. Andika namba kwenye nyaya zote: 1, 2, 3. Andika namba hizo hizo mahali kila waya unapotoka. Hapa kusoma na kuandika kunaokoa mali. Silinda haziwaki kwa kufuatana kama watoto mstarini. Pikapu nyingi za silinda 4 huwaka hivi: 1, 3, 4, 2. Ukibadilisha nyaya mahali, kiberiti kinawashwa wakati si wake. Injini itapiga kelele kama bunduki au haitawaka kabisa.

5. Shughulikia waya mmoja na plagi moja. Ukimaliza, ndipo uende ya pili. Usizing'oe zote kwa pamoja.

6. Shika kofia ya mpira iliyo mwisho wa waya. Izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha vuta. Usivute waya wenyewe. Ukivuta waya utakatika ndani, na kwa nje hutaona kitu.

7. Puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli kabla ya kufungua plagi. Vumbi la barabara zetu unalijua. Mchanga ukiingia ndani ya silinda unakwaruza kuta zake.

8. Fungua plagi kwa spana iliyosimama wima. Ukiilaza, udongo mweupe wa plagi utapasuka.

9. Pima mwanya wa plagi mpya. Magari mengi hutaka kati ya milimita 0.7 na 1.1. Kitabu cha gari lako kitakuambia kipimo chake hasa. Kama mwanya ni mpana, kunja kidogo ncha ya nje. Usiguse ncha ya katikati. Plagi za bei kubwa zenye ncha nyembamba kama sindano usizikunje. Kama mwanya wake hausomi sawa, zirudishe dukani.

10. Chomeka kichwa cha plagi kwenye kile kipande cha mpira wa bomba. Ianzishe kwa vidole, si kwa spana. Ikianza kuwa ngumu mapema, imeingia upande. Mpira utateleza na kukuonya. Rudisha nyuma, anza tena.

11. Plagi ikigota kwa mkono, ndipo ushike spana. Plagi mpya yenye ringi huongezwa karibu nusu ya mzunguko. Plagi yenye ringi iliyowahi kufungwa huongezwa kidogo sana. Plagi isiyo na ringi vilevile huongezwa kidogo tu. Soma maelezo kwenye boksi. Wenye mikono ya jembe tuwe waangalifu: nguvu nyingi hapa ni hasara. Njia za skrubu zikiharibika, kichwa cha injini lazima kifunguliwe.

12. Rudisha waya. Sukuma kofia mpaka usikie "tak".

WAYA NAO UNACHAKAA

Watu wengi hubadilisha plagi na kusahau nyaya. Mpira wa waya hukauka kwa joto la injini. Hupasuka. Panya nao hupenda kuutafuna gari likilala karibu na ghala. Umeme ukipata ufa hauendi kwenye plagi. Unarukia chuma kilicho karibu.

Jaribu hivi. Usiku, egesha gari nje, si ndani ya banda. Zima taa zote, washa injini, fungua mahali pake. Tazama bila kugusa. Ukiona vijimwanga vya bluu vinaruka kwenye nyaya, nyaya hizo zimekwisha. Usiguse kwa mkono. Umeme huo utakurusha.

Unapobadilisha nyaya, chukua mpya yenye urefu sawa na ile uliyotoa. Ipitishe njia ile ile. Irudishe kwenye vishikizo vyake. Isiguse bomba la moshi, maana mpira utayeyuka. Magari mengine mapya hayana nyaya hizi. Kila plagi ina koili yake juu. Hapo unafungua koili kwanza, kwa uangalifu, bila kuvunja soketi yake.

SOMA PLAGI KAMA BARUA

Plagi uliyotoa usiitupe haraka. Ipange kwa namba yake. Itazame ncha.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima.

Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Safisha chujio la hewa. Mara nyingi ni vumbi tu.

Mafuta meusi yenye utelezi: oili inaingia ndani ya silinda. Pengine ringi za pistoni zimechoka. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huu.

Nyeupe sana, yenye malengelenge: injini inapata moto kupita kiasi. Angalia maji ya rejeta. Acha kubeba mzigo mpaka fundi aone.

Imelowa petroli: plagi hiyo haitoi cheche. Kagua waya wake.

KUNUNUA

Nenda dukani na plagi ya zamani. Soma herufi na namba zilizoandikwa juu yake. Usiridhike na maneno, "Hii inafanana." Kila alama ina maana. Kwa mfano, plagi ya NGK yenye 11 mwishoni baada ya kistari imepangwa mwanya wa milimita 1.1. Namba nyingine huonyesha jinsi plagi inavyotoa joto. Plagi isiyo ya injini yako inaweza kuziba kwa masizi au kuunguza pistoni.

Plagi bandia zipo. Tazama kama maandishi ni safi, njia za skrubu zimenyooka, na ncha iko katikati. Dai risiti. Duka lisilotaka kutoa risiti, liache.

Plagi za kawaida hufaa kubadilishwa kila kilometa 20,000 hadi 30,000. Zile za iridiamu hukaa muda mrefu zaidi, nyingine hadi kilometa 100,000, lakini bei yake ni kubwa. Kikundi kipige hesabu chenyewe.

DAFTARI LA GARI

Gari la kikundi lina wenyewe wengi, na mali ya wengi mara nyingi hukosa mwangalizi. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilikuwa na ugomvi. Dereva alisema plagi zimebadilishwa. Mweka hazina alisema hajui. Wanachama wakanong'ona kwamba fedha imeliwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Siku hiyo gari lilikuwa limesimama, na matenga ya nyanya yalikuwa yamepangwa chini ya mti.

Nunueni daftari moja. Andikeni: tarehe, kilometa za gari, kitu kilichobadilishwa, bei, jina la aliyefanya kazi. Bandikeni na risiti. Plagi za zamani zionyeshwe mkutanoni. Hivyo dereva mwaminifu atalindwa, na asiye mwaminifu atajulikana.

Kama njia za skrubu zimeharibika, au plagi imekatikia ndani, au kichwa cha injini kinavuja, hiyo ni kazi ya fundi. Usijaribu kwa patasi. Kijana wenu anayependa mashine anaweza kwenda kujifunza ufundi. Chuo cha VETA kipo Iringa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini trekta la dizeli halina plagi za cheche?

2. Kwa nini tunaandika namba kwenye nyaya kabla ya kuzitoa?

3. Plagi yenye masizi makavu inakuambia ufanye nini kwanza?

4. Gari au pampu ya kikundi chenu ilibadilishwa plagi lini? Nani anajua? Imeandikwa wapi?

Swali la 4 lijibiwe mkutanoni kabla matenga hayajaanza kujazwa.

Mwezi ujao tutazungumza jinsi ya kupanga nyanya ndani ya tenga zisipondeke.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba