Ukame Si Mandhari ya Filamu Yako

Tarehe ya mwisho ya kupeleka filamu fupi mashindanoni ikikaribia, vikundi vya WhatsApp vya vijana wa Kitui na Makueni hujaa maswali yaleyale. Nani ana droni? Nani anajua boma lenye ng'ombe aliyebaki mifupa? Nani ana nyanya anayeweza kulia mbele ya kamera bila kucheka?

Kisha filamu zinatoka, na zote ni ndugu. Mtoto anatembea peku na mtungi wa njano. Ardhi imepasuka. Kinanda cha huzuni kinalia nyuma. Mwisho maandishi meupe yanatokea kutuambia kwamba maji ni uhai, kana kwamba kuna mtu wa Mutomo au Kathonzweni aliyekuwa hajui.

Tunaelewa mtindo huu ulikotoka. Kwa miaka mingi waliokuja Ukambani na kamera walikuja wakati wa njaa, wakachukua walichokitaka, wakaondoka. Sisi tulikua tukitazama picha hizo kwenye taarifa ya saa moja, na sasa tumepata simu zenye kamera nzuri, tunajipiga picha kwa macho ya wageni. Tena kwa imani kwamba majaji ndicho wanachotaka. Labda wapo majaji wa aina hiyo. Lakini jaji aliyetazama mitungi ishirini ya njano tangu asubuhi, ya ishirini na moja itamfanya asinzie.

Hatusemi ukame usirekodiwe. Mfano mzuri kuliko yote umetoka hapahapa. Kisilu Musya ni mkulima mdogo wa Kitui. Alipokutana na Julia Dahr, mtengenezaji filamu kutoka Norway, alipewa kamera, akaanza kurekodi mwenyewe: mkewe, watoto, shamba, mikutano na majirani. Akaendelea hivyo kwa miaka. Halafu ikaja dhoruba ikaharibu nyumba yake, na yeye alikuwa pale na kamera. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitoka 2017 na kuzunguka matamasha ya nchi nyingi. Ndani yake tunamwona Kisilu akifika hadi Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015.

Hebu fikiria hilo kidogo. Mgeni aliyekuja kurekodi ukame angekuwa ameshafunga mizigo siku mvua ilipokuja. Kilichoipa filamu ile nguvu hakikuwa ubora wa kamera. Ni kwamba aliyeishika alikuwa baba wa nyumba ile, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda jioni ikifika.

Ukame pia unaweza kubuniwa. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009, ni ya dakika kama ishirini tu. Inazungumzia dunia ijayo ambako maji ya kawaida yamekwisha, na mtungi wa njano hauna kazi humo.

Na nani alisema habari zetu zote ni kiu? Msimu wa maembe Makueni una hila za kutosha filamu kumi: dalali anayekuja kununua shamba zima matunda yakiwa bado mabichi, na mzee anayejua anapunjwa lakini karo ya shule haingoji. Kuna usiku wa Emali na Mtito Andei, malori yakiwa yameegeshwa na kila muuza chai akijua siri za madereva. Kuna marufuku ya makaa iliyotangazwa Kitui mwaka 2018, iliyowagawa watu wa nyumba moja. Kuna jiwe la Nzambani, ambalo tumeambiwa tangu utotoni kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Wasee, hiyo komedi imekaa pale mlimani inawangoja, nanyi mnatafuta ng'ombe wa kukonda!

Sasa tuje kwa hela, maana hapo ndipo wengi hujichoma. Ukiwa na elfu kumi, usitumie saba kukodi droni ya siku moja. Tangerine ya Sean Baker ilirekodiwa kwa iPhone 5s na ikafika Sundance 2015, kwa hivyo hoja ya kamera tuizike. Sauti ndiyo inayoua filamu zetu. Maikrofoni ya kubana kwenye kola unaipata kwa chini ya elfu moja. Ifunike kwa kipande cha sponji kwa sababu upepo wa kwetu hauna adabu. Usirekodi mazungumzo ndani ya nyumba ya mabati saa saba mchana, mabati yakipata joto yanapasua sauti kama mtu anayevunja kuni. Tundika blanketi ukutani kuzuia mwangwi. Rekodi alfajiri na kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa na huruma. Pesa zinazobaki ni za nauli na chakula, na hapa hatutanii: mwigizaji aliyekula githeri akashiba atarudia tukio mara tisa bila kinyongo.

Susu ambaye umemrekodi katika boma lake naye alipwe, hata kama ni kwa unga na sukari. Umweleze filamu inakwenda wapi kabla hujawasha kamera. Siku ikikamilika, yeye awe wa kwanza kuiona. Na mwache aongee Kikamba chake. Kumlazimisha aseme Kiingereza cha mtihani ndiko kunakofanya mazungumzo yawe makavu. Tafsiri iandike chini ya picha, kazi ya jioni mbili kwenye programu ya bure.

Leseni nayo msiisahau. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka kibali kabla ya kurekodi filamu ya kuonyeshwa hadharani. Maoni yetu ni kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa kampuni zenye malori ya vifaa, wala haikumfikiria kijana mwenye simu na marafiki wanne. Inafaa irekebishwe. Lakini kabla haijarekebishwa, uliza mapema, usije ukazuiwa siku ya maonyesho.

Malalamiko yetu makubwa hata hivyo ni kwa serikali za kaunti. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, inataja sinema na maonyesho ya video kwa jina kama kazi ya kaunti, pamoja na maktaba na makumbusho. Si hisani, ni kazi yao. Muulize mkazi wa Wote au Mwingi ni lini mara ya mwisho alipoketi ukumbini kutazama filamu iliyotengenezwa na mtu wa kwao. Filamu inakwenda Nairobi, inapata cheti, inarudi kulala kwenye simu ya mwenyewe. Waliomkopesha boma, punda na sare za shule hawaioni kamwe.

Makueni ilijipatia sifa kwa kuwapa wanakijiji nafasi ya kupendekeza miradi, kuanzia vikao vya kijiji kwenda juu. Vijana huvikwepa vikao hivyo wakisema ni vya wazee wa mabomba na barabara. Kikao kijacho nendeni, kaeni mstari wa mbele, na ombi lenu liwe dogo kiasi kwamba kulikataa ni aibu: projekta moja, spika mbili, na ukumbi wa kijamii uachwe wazi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shuka jeupe mtaleta wenyewe. Wa Kitui nao wapeleke ombi hilohilo kwao, waone ni kaunti ipi itakayotangulia kuwasha taa.