Kabla Hujainyanyua Hiyo Pikapu

Leo siasa tuiweke kando, tuongelee matairi. Siku hizi huwezi kukatiza Dar, Arusha au Mwanza bila kupishana na pikapu iliyonyanyuliwa. Hilux, Ranger, D-Max, Land Cruiser za mkonga, zote zimepandishwa juu na kuvalishwa matairi makubwa yenye meno, na mwenyewe kakaa huko juu anawaangalia wenye Vitz kama vile wako shimoni. Sisemi kwa wivu (sawa, kidogo upo). Pikapu iliyokaa vizuri juu ya matairi yake ni kitu cha kupendeza, na mwenye macho hambiwi tazama.

Ila kuna swali ambalo naona haliulizwi kule gereji: unainyanyua ili iweje? Msimamo wangu nautoa mapema. Kunyanyua gari kwa gharama nafuu kunawezekana, na mwenye kipato cha kawaida asione haya kuanzia hapo. Lakini linalotangulia ni tairi. Urefu ufuate mahitaji ya tairi, na hela ya breki, taa na tairi la akiba ihesabiwe siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na hela ya hivyo vitatu bado hana hela ya kunyanyua gari, hata kama spesa zenyewe anaweza kuzinunua leo jioni.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Pikapu nyingi nyuma zina ekseli nzima, na katikati yake kuna lile bonge la chuma, difu. Mara nyingi difu ndiyo sehemu ya chini kabisa ya gari, ndiyo inayogonga jiwe na ndiyo inayokwama kwenye tuta la udongo katikati ya njia. Sasa ukiweka bloku juu ya ekseli, au springi ndefu zaidi, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu inabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu yenyewe imekaa kwenye magurudumu. Kitu pekee kinachoipandisha difu ni tairi kubwa zaidi, tena inapanda nusu tu ya tofauti ya kimo cha tairi. Kwa hiyo mtu aliyelipia inchi 2 za kunyanyua akabakiza matairi yake ya zamani, nyuma jiwe litamgonga kama lilivyokuwa likimgonga mwaka jana. Tofauti ni kwamba sasa atakuwa amekaa juu zaidi.

Hebu tupige hesabu. Hilux nyingi zinakuja na matairi ya 265/65R17. Maana yake upana ni milimita 265, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Ukijumlisha, tairi lina kimo cha milimita 776 hivi. Ukienda 265/70R17 unapata kama 803. Ukienda 285/70R17, lile ambalo vijana wanaliita "inchi 33", unapata kama 831. Gawanya tofauti kwa mbili: tairi la kwanza linakuongezea milimita 13 chini ya difu, la pili milimita 27. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Si mzaha, kwenye makorongo milimita 27 zinaweza kukuokoa, lakini ni vizuri mtu ajue anachonunua.

Na hapa ndipo penye habari njema kwa wenye mfuko mwepesi. Tairi la 265/70R17 mara nyingi linaingia kwenye Hilux za miaka ya karibuni bila kunyanyua chochote. Pengine plastiki ya ndani ya madigadi itaguswa ukikata kona mpaka mwisho, na fundi makini anaisogeza au kuipunguza kwa muda mfupi. Nikiambiwa nimshauri mtu mwenye shughuli zake Ifakara au Kiteto, na safari moja ya lami kila mwezi, ningemwambia anunue matairi mazuri ya njia zote ya saizi hiyo, hela iliyobaki aiweke kwenye shokamzoba. Habari ya kunyanyua tuionge tena mwakani.

Lakini tuseme umeshaamua, unataka yale ya inchi 33, na hapo nafasi inahitajika kweli. Njia za bei nafuu ni zipi?

Kwa pikapu za zamani zenye toshenibaa mbele, kama Hilux za miaka ya 1990 au D-Max za kizazi cha kwanza, kuna njia ya bure kabisa: unakaza ile bolti ya kurekebishia, mbele kunapanda. Bure hiyo ina masharti. Toshenibaa haiongezeki ugumu kwa kukazwa, inachofanya ni kuusogeza mkono wa chini karibu na mwisho wa safari yake. Gurudumu linakosa nafasi ya kushuka likikuta shimo, gari linaanza kurusha watu, na sivijointi zinafanya kazi zikiwa zimepinda mno mpaka raba zake zinachanika. Kaza kidogo, usawazishe na nyuma, halafu nenda moja kwa moja ukapimwe alaimenti.

Kwa pikapu mpya zenye koili mbele kuna spesa, kile kisahani kinachowekwa juu ya shokamzoba. Jihadhari na namba zake. Kwa jinsi mkono wa chini ulivyo, spesa ya milimita 25 huinua gari takriban mara mbili ya hapo. Wapo waliotaka inchi 2 wakaweka spesa za inchi 2, kisha wakashangaa mbona boljointi zinalia. Inchi 2 za kupanda ndiyo mpaka ambao binafsi ningeuheshimu bila kubadilisha mikono ya juu.

Nyuma, kwenye springi za majani, kuna njia tatu. Kuongeza jani moja ni njia nzuri kwa anayebeba mzigo kila siku, ila gari likiwa tupu litakuwa gumu. Kurefusha vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kunakupa nusu tu ya urefu ulioongeza, na ukizidisha gari linaanza kuyumba. Njia ya tatu ni bloku kati ya springi na ekseli. Bloku iwe ya chuma cha kutengenezwa kwa kazi hiyo, siyo mbao wala vipande vilivyopachikwa pamoja kwa kuchomelea. Yubolti ziwe mpya na ndefu, zile za zamani zisirudishwe. Na bloku zisiwekwe kamwe kwenye ekseli ya mbele, ile inayopokea usukani. Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele zina jambo lao pia: ukizipandisha, pembe ya usukani inabadilika na gari linaanza kutangatanga barabarani, kwa hiyo zinahitaji bushi za kurekebisha pembe hiyo.

Njia nyingine ni kunyanyua bodi peke yake kwa kuweka vipande kati ya bodi na chesisi. Inatoa nafasi ya tairi kwa bei ndogo, lakini shafti ya usukani, mipira ya maji na feni ya rejeta vyote inabidi viangaliwe upya. Fundi asiyevitaja hivyo kabla hujauliza, mshukuru kwa muda wake, endelea na safari.

Sasa nifike kwenye kile kinachonifanya niandike. Mambo yote niliyoyataja hapo juu ni ya mwenye gari na mfuko wake. Yapo mengine matatu ambayo ni yetu sote tunaotumia barabara.

La kwanza ni breki. Tairi la milimita 831 badala ya 776 ni kubwa kwa asilimia 7. Ukikanyaga breki kwa nguvu ile ile, nguvu inayofika barabarani inapungua kwa zaidi ya asilimia 6, na hapo bado hujahesabu kwamba tairi na rimu vyenyewe ni vizito zaidi na ni vigumu zaidi kusimamisha. Kuna jambo jingine lililojificha. Pikapu nyingi, hasa zisizo na mifumo ya kisasa ya umeme, zina vali ya breki inayopima mzigo. Ina fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Ukipakia, chesisi inashuka, fimbo inasogea, na vali inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiweka bloku ya inchi 2, chesisi inapanda, na vali inadhani gari ni tupu. Unapakia magunia ya mpunga, unashuka Kitonga, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba huna hata kapu la nyanya. Dawa yake ni kurekebisha fimbo au kuinua kishikio chake, kazi ndogo kwa fundi anayejua. Kwenye gereji ngapi umesikia ikitajwa?

La pili ni taa. Ukipandisha mbele ya gari, mwanga unapanda nao. Zile taa za kawaida zilizokuwa zinamulika lami sasa zinamulika macho ya mtu wa bodaboda anayekuja mbele yako, na kwa sekunde kadhaa hamwoni mtembea kwa miguu wala shimo. Kuzishusha ni suala la bisibisi na ukuta ulionyooka. Hakuna kisingizio.

La tatu ni mwendo. Gari halijui kwamba umelibadilishia matairi. Kwa mfano wetu ule ule, mshale ukionyesha 100 unatembea kama 107. Ni kweli magari yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa hayaruhusiwi kuonyesha mwendo mdogo kuliko halisi, ndiyo maana mengi yanazidisha kidogo. Matairi yako makubwa yanakula hiyo akiba, na pengine kuipita. Kwenye eneo la makazi la kilomita 50 kwa saa, unaweza kuwa unavunja sheria na roho yako ni nyeupe kabisa. Jumlisha na kitovu cha uzito kilichopanda, watu wamekaa juu ya mzigo nyuma, na kona ya ghafla. Mengine sihitaji kuyasema.

Najua kuna watakaoniambia gari ni lake, hela ni yake, mimi inanihusu nini. Gari ni lako, sikatai. Barabara ya Morogoro si yako. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo kabla hujanyanyua haina habari na ulichokifanya baadaye. Kampuni ya bima nayo iambie mapema, kabla ajali haijakusemea.

Wengine watasema mbona Iceland wanaendesha Hilux zenye matairi ya inchi 38, na moja ilifika mwaka 2007, mbele ya kamera za Top Gear, hadi mahali palipokuwa na ncha ya sumaku ya kaskazini miaka ya nyuma. Kweli kabisa. Lakini kule tairi kubwa ni jibu la theluji: linashushwa upepo mpaka linatanuka na kuelea juu yake, na gari zima linajengwa upya kulifuata. Usione vyaelea, vimeundwa. Somo la kuchukua kule ni upepo, na hilo halina gharama. Kwenye mchanga wa pwani, tairi la kawaida ulilolishusha kutoka 35 hadi kwenye 20 litakupeleka mbali kuliko tairi kubwa lililojazwa ndi. Pampu ndogo ya kurudishia upepo ukifika kwenye lami ni bei rahisi kuliko bloku yoyote ile. Usiache kuurudisha, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami linachemka na kupasuka.

Kwa hiyo ukienda Shaurimoyo wiki ijayo, nenda na karatasi. Andika matairi matano, siyo manne, kwa sababu tairi la akiba la saizi tofauti kwenye gari la kuvuta miguu yote linaumiza difu, na uhakikishe hilo la tano linaenea pale chini linapokaa. Andika alaimenti. Andika taa, andika fimbo ya vali ya breki. Baada ya kazi, mwambie fundi apandishe gurudumu moja la mbele kwenye kilima kidogo, akate kona mpaka mwisho pande zote mbili, muangalie wote tairi linagusa wapi. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta sehemu tupu isiyo na watu, ukanyage breki kwa nguvu.

Gari likisimama unavyotaka, karibu huko juu. Lisiposimama, rudi gereji kabla ya kurudi barabarani.

Nawasilisha.