Msituite Wastahimilivu

Ukitaka kunikasirisha haraka, simama mbele ya projekta kwenye hoteli ya Nairobi useme watu wa Garissa ni "wastahimilivu". Wenzako watapiga makofi. Mimi nitauliza: tulistahimili nini, na nani alituacha tukistahimili peke yetu?

Tuanze na hesabu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa. Kisha El Niño ya mwisho wa 2023 ikaja, Tana ikafurika, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika. Aprili 2024 mto ukarudia. Tarehe 28 mwezi huo boti iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka pale Kona Punda, upande wa Madogo, watu wakafa maji. Wengi wenu mliiona ile video kwa simu. Watu walipanda boti kwa sababu lami ilikuwa chini ya maji. Huo si ustahimilivu. Ni kukosa njia nyingine.

Baada ya kila janga watafiti wanakuja. Sisemi wasije. Nimewahi kuajiriwa kukusanya takwimu, nikazunguka bulla hadi bulla na tableti mkononi. Maswali nayajua kwa kichwa. Siku saba zilizopita mlikula mara ngapi? Mliuza mbuzi? Mlikopa? Mlimtoa mtoto shule? Yote yanaipima nyumba ya huyo mama. Hakuna swali lililoipima serikali: Mlionywa siku ngapi kabla ya maji kufika? Nani alikuja kwanza kuwasaidia? Barabara ilikaa siku ngapi imekatika? Eddo mmoja alinikatiza: "Kijana, wale wa mwaka jana walipeleka wapi majibu yangu?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyokuwa nayo kwenye tableti.

Na hilo la onyo si dogo. Mafuriko ya Garissa mara nyingi hayatoki kwenye mawingu ya Garissa. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, maji yanapitia mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yanatufikia. Maji yenye safari ndefu hivyo yanaweza kutanguliwa na habari. Wakulima wa kando ya mto wakishtukia shamba limezama, tusiite hiyo kazi ya Mungu peke yake.

Sayansi yenyewe ina mengi ya kutufaa. Mwaka 2012 Mmarekani Daniel Aldrich alichapisha kitabu, Building Resilience, akilinganisha Tokyo baada ya tetemeko la 1923, Kobe 1995, Tamil Nadu baada ya tsunami ya 2004 na New Orleans baada ya Katrina 2005. Hoja yake: kinachoinua mtaa ni uhusiano wa watu, zaidi ya ukubwa wa uharibifu au wingi wa msaada. Kwa mtu wa Garissa hiyo si habari mpya. Ng'ombe wako wakiisha, ndugu anakupa wa kukama. Kina mama wana ayuuto yao, kila mmoja anachanga na zamu yake inafika. Zaka inatolewa. Jamaa wa Eastleigh au Minneapolis anatuma pesa kwa hawala.

Lakini kwa graundi mambo ni tofauti kidogo. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, ikaziruhusu tena Juni. Yaani serikali inayotusifu kwa kusaidiana ndiyo iliyoufunga mlango ambao msaada unapitia. Ukiandika kuhusu "mtaji wa kijamii" wa Garissa bila kuutaja mwaka huo, umeandika nusu.

Nusu nyingine ni hii: jamii si moja. Munyoyaya wanaolima kando ya Tana hawana mtandao uleule wa mfanyabiashara wa soko la mifugo. Shamba likisombwa, si kila mtu ana abti Minneapolis wa kumpigia. Aldrich mwenyewe alilisema: kule Tamil Nadu, Wadalit na wajane waliokuwa nje ya mabaraza ya vijiji waliachwa nje ya msaada pia. Uhusiano unaombeba mmoja unaweza kumfungia mwingine mlango. Ukichukua wastani wa bulla nzima, huyo wa nje humwoni.

Kuna watakaosema, mbona bima ya mifugo ipo? Ndiyo. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na inatumia setilaiti kuangalia malisho. Ni wazo zuri kwa ukame. Ila setilaiti hiyo inatazama nyasi. Mbuzi aliyesombwa na mto wakati nyasi ni kijani kibichi hayumo kwenye hesabu.

Mzizi ni wa zamani. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza pesa za maendeleo kule kwenye ardhi nzuri na mvua. Sisi tukaambiwa tungoje. Tukangoja, na leo kungoja kwetu kumepewa jina tamu la kitaalamu.

Kwa hiyo, mtafiti, karibu. Ila njoo na masharti yetu. Majibu yarudi kwa Kisomali na Kiswahili, yasomwe barazani mbele ya waliohojiwa. Uliza nani aliachwa nje. Na kwenye fomu yako ongeza ukurasa mmoja wa kuipima serikali, wenye safu ya kaunti na safu ya Nairobi. Ukurasa huo ukijazwa, tuletee kabla ya uchaguzi, si baada.