Mfichuzi Si Mchongezi

Kila kashfa ya kisiasa inapofumuliwa, sifa humwendea mwandishi mpekuzi aliyeitia gazetini. Anazistahili. Hata hivyo, aghalabu tunamsahau mtu wa pili, ambaye bila yeye kalamu ya mwandishi huyo ingekauka. Huyu ni mfanyakazi wa ndani aliyeziona hesabu akakataa kunyamaza. Jamii yetu, na hasa shule zetu, humvunja moyo mtu huyu kabla hata hajaajiriwa.

Tuitazame kashfa ya Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuziuza ng'ambo. Kenya haichimbi almasi, na dhahabu yake ni haba. Katika Benki Kuu, karani kijana, David Munyakei, alizitilia shaka karatasi zilizopita mezani pake. Mwaka wa 1993 stakabadhi zilizotoka kwake ziliwafikia wabunge wa upinzani, zikafika Bungeni, na magazeti yakapata ushahidi badala ya tetesi.

Je, alilipwa nini? Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, akafutwa kazi. Mwaka wa 2004 shirika la Transparency International lilimtuza. Mwaka wa 2006 tume ya Jaji Samuel Bosire ilitoa ripoti yake, mabilioni ya shilingi yakiwa yamekwisha kutoweka. Mwaka uo huo Munyakei alifariki, hali yake ikiwa ya ufukara.

Kwa mwanaisimu, msamiati wetu una la kusema hapa. Mbea, mdaku, mchongezi, mfitini, kizabizabina: Kiswahili kina ghala zima la majina ya kumkejeli atoaye siri. Majina hayo yana kazi yake, kwani huwakinga majirani dhidi ya uvumi. Kosa ni kumbandika mwenye stakabadhi jina la mwenye porojo. Mchongezi husema ili mtu adhurike, na hana haja ya ushahidi. Mfichuzi huuweka ushahidi mezani ili mali ya umma isipotee. Neno hili la pili tunalisoma magazetini, lakini ni nadra kulisikia darasani.

Mwanafunzi akimweleza mwalimu kwamba fedha za chama zimeliwa, wenzake humwita msaliti. Wakati mwingine mwalimu mwenyewe humwambia aache fitina. Miaka 20 baadaye mtoto huyo ndiye karani wizarani. Tutashangaaje akifumba macho?

Wapo watakaosema kwamba siri ya kazi ni amana. Naam, ni amana, lakini ya nani? Mshahara wa karani wa serikali hutoka kwa mlipa kodi, na uaminifu wake hauna budi kuanzia hapo.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kumkinga mfichuzi kwa sheria ni wajibu wa Bunge. Walimu nao wana wajibu wao: wawape wanafunzi mada hii katika insha na mijadala, wawafunze kutenganisha umbea na ushahidi, na mtoto anapokuja na ukweli, wamsikilize. Tusipofanya hivyo, mwandishi mpekuzi wa kesho atabisha mlangoni, na hatakuwapo wa kumfungulia.