Mgonjwa na Aulizwe Uji, Tena na Mgonjwa Mwenzake

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake waijua, msomaji: mwenye haja usimsumbue kwa maswali, mpe tu. Ni usemi wa huruma, nami sina ugomvi nao. Lakini katika mambo ya kuwauguza watu nyumbani, usemi huo umetufikisha pabaya, kwani tumeugeuza kuwa desturi ya kutomwuliza mgonjwa jambo lolote lile. Tunamwuliza binti yake. Tunamwuliza mhudumu aliyemtembelea. Tunafungua daftari la ziara na kuhesabu mistari. Yule aliyelala kitandani, ambaye uji huo wapita kooni mwake, ndiye wa mwisho kuulizwa iwapo ulikuwa moto au baridi, au iwapo uliletwa kamwe.

Nasema haya nikiwafikiria hasa watu wa Thika na Ruiru. Katika sensa ya mwaka wa 2019, mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Mashamba ya kahawa yamekatwa yakawa ploti za nyumba za kupangisha, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka wa 2012 ikazidisha mbio hizo. Wengi wanaoishi humo walihamia juzi tu. Jirani wa mlango wa pili hajui jina lako, sembuse kujua kwamba nyuma ya pazia lako amelala mama aliyepooza upande mmoja. Kule kijijini shangazi angepita na kuinua blanketi bila kuomba ruhusa, akaona mwenyewe. Hapa mlango ukifungwa, wanaoujua ukweli ni wawili: anayetunza na anayetunzwa.

Nao wanaotunzwa nyumbani si wachache. Ukimwi ndio uliotufunza somo hili. Kufikia Novemba 1999, Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa na wagonjwa walikuwa wakirudishwa kwao. Korona iliporipuka mwaka wa 2020, Wizara ya Afya ilitoa tena miongozo ya kuwatunza watu majumbani. Leo wengi ni wa kiharusi, kisukari, saratani na uzee. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, mkoba wenye mashine ya kupima shinikizo la damu na sukari, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100 za kutembelea kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kando yao wako watunzaji wa kuajiriwa, wengine wamesomea, wengine wameokotwa tu kwa kuwa wana nguvu za kuinua mtu.

Sasa ubora wa kazi yao wapimwaje? Aghalabu kwa idadi ya ziara. Ziara ni rahisi kuhesabu, na mtu mwenye nyumba 100 na posho ile hawezi kulaumiwa akiharakisha.

Hebu chukua mfano. Mzee wa Makongeni alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havimtii. Afisa anakuja na karatasi, anasimama mlangoni kwa adabu, anauliza: "Mzee, huduma ni nzuri?" Mtunzaji yuko pale pale anakunja shuka. Mzee atajibu nini? Atajibu, "Tunashukuru." Akisema vinginevyo, huenda kesho asioshwe. Au mtunzaji akasirike na kuondoka, na mwingine apatikane wapi kwa pesa hizo? Tena kuna aibu. Mwanamume aliyelea watoto na kuwasomesha hawezi kumweleza afisa aliye rika la mjukuu wake kwamba jana alikaa kwenye nepi yenye mkojo tangu asubuhi hadi magharibi. Basi afisa anaandika "ameridhika," na karatasi hiyo inapanda ofisini kama ushahidi.

Mtume sasa mtu mwingine: mwanamume aliyewahi kulala hivyo hivyo miezi sita, na ambaye sasa anatembea kwa bakora. Huyu haulizi kama huduma ni nzuri. Anauliza, "Usiku hukugeuza mara ngapi?" kwa kuwa anajua kwamba mtu asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asije akaota vidonda mgongoni na nyongani. Anauliza, "Ukitaka kwenda haja, unamwitaje, na anachukua muda gani?" Anauliza kama uji unaletwa mzee akiwa ameketishwa au amelala chali, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kupaliwa. Naye mzee, akiona ile bakora, anajua hachekwi.

Jambo hili si ndoto. Wakenya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kupitia mtandao wao wa NEPHAK, wamekwisha kulifanya. Walishiriki katika utafiti wa kimataifa wa kupima unyanyapaa ulioanza kuenezwa mwaka wa 2008, ambao sharti lake kuu ni kwamba mwenye kuuliza awe naye anaishi na virusi hivyo. Mhoji na mhojiwa huketi bega kwa bega, wote wakiiona karatasi, pasiwe na mtu wa kuandika siri upande wa pili wa meza. Nchini Marekani, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili mjini Philadelphia ilipofungwa mwaka wa 1990 na wagonjwa kupelekwa kuhudumiwa mitaani, liliundwa kundi la watu waliowahi kutumia huduma hizo pamoja na jamaa zao, likawa linazunguka likiwauliza wenzao hali halisi na kupeleka majibu kwa wakuu wa jiji.

Lakini miji yetu ina tatizo lake, nalo ni midomo. Mgonjwa wa Kiandutu akihojiwa na mwenzake wa Kiandutu, kufikia jioni maneno yatakuwa yamefika kioskini. Kwa hivyo napendekeza hivi: wahoji wa Ruiru wawaendee wagonjwa wa Thika, na wa Thika waende Githurai, Mwihoko na Gatongora. Ni safari fupi ya matatu katika barabara ile ile. Mhoji hamjui landilodi, hamjui mtunzaji, hana shemeji katika ploti hiyo. Akimaliza anapanda gari na siri anaondoka nayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na wahoji hawana budi kufunzwa hilo kabla ya kupewa hata kalamu.

Wafunzwe pia kuuliza bila kumtilia mtu jibu mdomoni, na kumwomba mtunzaji atoke kidogo akaote jua. Wafunzwe kwamba wakimkuta mgonjwa anapigwa au ananyimwa chakula, hiyo si siri tena ya kuhifadhiwa, na waambiwe mapema ni nani wa kupigiwa simu siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyepoteza fahamu au kumbukumbu hataweza kujibu. Aulizwe anayemlea, lakini iandikwe wazi kwamba ni sauti ya mlezi. Mama aliyemlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndiye afaaye kuzungumza na mama kama yeye. Na walipwe. Sioni kwa nini mtaalamu akija na hojaji alipwe marupurupu, na aliyejifunza kwa mwili wake mwenyewe apewe soda.

Najua wauguzi watasema mgonjwa hajui tiba, atalalamikia chumvi kwenye mboga na kusahau dawa. Kweli, mgonjwa hawezi kupima kama dawa ya shinikizo la damu imeagizwa sawasawa, na hilo libaki kwa wenye ujuzi. Lakini ni nani mwingine ajuaye kama mtunzaji alinawa mikono kabla ya kugusa mpira wa mkojo? Linalonisumbua zaidi ni haki ya mhudumu. Huyu wa nyumba 100 akiletewa ripoti mbaya, asikatwe posho kwa neno la mtu mmoja. Majibu ya wagonjwa kadhaa yakusanywe, majina yaondolewe, naye aketishwe na kuulizwa anakwama wapi. Huenda tatizo ni kwamba hana hata glavu.

Wala tusidhani kuuliza peke yake kunaponya. Huko Uganda, mwaka wa 2004 na 2005, katika utafiti wa zahanati 50, wanakijiji wa nusu ya zahanati hizo walipewa taarifa za huduma zao, wakaketi na wahudumu kupanga la kurekebisha, na watafiti wakaona vifo vya watoto vimepungua kwa theluthi moja. Mpango kama huo ulipojaribiwa baadaye katika vituo zaidi ya 370 nchini humo, upungufu huo wa vifo haukuonekana. Mimi nasoma hapo kwamba karatasi ya majibu yahitaji mtu mwenye fungu la pesa na tarehe ya kujibu. Kaunti ya Kiambu inasimamia miji yote miwili. Basi na afisa mmoja atajwe kwa jina, awajibu wahoji kila mwezi mbele yao, aseme lipi limefanyika na lipi bado.

Ikiwa wewe una mgonjwa nyumbani, huna haja ya kuisubiri kaunti. Mtafute mtu mmoja wa mbali kidogo, aliyewahi kuugua kama yeye, umwombe aje Jumamosi alasiri. Wape chai, kisha utoke pamoja na mtunzaji, muufunge mlango, muwaachie saa nzima.